Namba Moja, Majina Mawili: Tatizo la «Bilioni» katika Kiswahili cha Kongo

Makala haya yanachunguza namba moja kubwa iliyozaliwa na historia ya fedha yetu, kisha yanauliza swali linalowahusu wanaisimu: namba hiyo tuiite nini?

Mwaka 1967 zaire ilichukua nafasi ya faranga, kwa kiwango cha zaire 1 kwa faranga 1,000. Mwezi Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, ambayo moja yake ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Hatimaye, tarehe 30 Juni 1998, ilizinduliwa faranga ya Kongo kwa kiwango cha faranga 1 kwa zaire mpya 100,000. Tukizidisha viwango hivi viwili vya mwisho, tunaona kwamba faranga moja ya 1998 ilibeba zaire za zamani 300,000,000,000. Tukizidisha tena kwa 1,000 ili tuifikie faranga ya kabla ya 1967, tunapata 300,000,000,000,000.

Namba hii ina tarakimu 15, lakini umbo lake ni jepesi. Imejengwa kwa namba tasa tatu tu: 2 na 5, kila moja ikijirudia mara 14, pamoja na 3 inayotokea mara moja. Kigawo chochote cha namba hii huweza kuchukua 2 kwa njia 15 (kuanzia mara sifuri hadi mara 14), 5 kwa njia 15 vilevile, na 3 kwa njia 2. Basi vigawo vyake vyote ni 15 × 15 × 2, yaani 450. Na kwa kuwa 3 imo mara moja tu, namba hii hugawanyika kwa 3 bali si kwa 9, wala si mraba wa namba kamili yoyote. Mtu akihesabu moja kila sekunde bila kupumzika, ataimaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 9.

Hesabu haina utata. Utata umo katika jina. Hapa Kindu, kama kwingineko Kongo, namba kubwa hufuata Kifaransa: baada ya milioni huja miliari (sifuri 9), kisha bilioni (sifuri 12). Ufaransa ilithibitisha mpangilio huo mwaka 1961. Kiswahili cha Tanzania na Kenya hufuata Kiingereza, ambamo bilioni ina sifuri 9 na trilioni sifuri 12. Uingereza yenyewe iliupokea mpangilio huo rasmi mwaka 1974. Kwa hiyo «bilioni mia tatu» ya Dar es Salaam ni zile zaire za zamani, ilhali «bilioni mia tatu» ya Kindu ni zile faranga za kabla ya 1967. Maneno ni yale yale, lakini tofauti ni mara 1,000.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Mwanafunzi wa Maniema asomaye kitabu cha hesabu kilichochapishwa Dar es Salaam, au mfasiri wa bajeti na mkataba, aweza kupotosha kiasi bila kukosea hata herufi moja. Tunapendekeza kwamba, katika maandishi yanayovuka mipaka, namba iandikwe kwa tarakimu kwanza, na neno «bilioni» lisitumike kamwe bila kuelezwa idadi ya sifuri zake.