Seva Iliyo Ng'ambo

Barua itokayo Dar es Salaam kwenda kwa mkazi wa Kilwa Kisiwani haiwezi kuandikwa "nyumba iliyo nyuma ya mbuyu". Kisiwani maneno hayo yanatosha. Ng'ambo, Kilwa Masoko, hayamfikishi mtu popote. Hapana budi barua iandikwe sanduku la posta la huku bara, kisha pawe na mtu wa kuivusha kwa mashua. Jambo hilohilo huwasumbua wanaojifunza kompyuta.

Chukua mfano wa shule yenye kompyuta moja tu nzuri. Mwalimu ataka kuwafundisha wanafunzi kazi ya seva ya kuhamishia faili, na kuweka humo picha za magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Fedha za kompyuta ya pili hazipo. Basi hutumia mashine pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine. Mashine hiyo hupewa anwani ya ndani, mara nyingi 10.0.2.15, na kompyuta mwenyeji huwa ndiyo posta yake: huzitoa barua zake, lakini barua ya nje isiyotarajiwa haijui impe nani.

Kwa hiyo mwenyeji huagizwa kwamba kila kifikacho mlango wake wa 2121 kivushwe hadi mlango wa 21 wa mashine pepe. (Mlango huo ni namba tu. Waingereza huuita kwa neno lilelile la bandari, wala mtu wa Kilwa hatashangaa.) Mwanafunzi hujaribu. Seva humwitikia, humwuliza jina na neno la siri, humkaribisha. Aombapo orodha ya faili, kimya.

Hapa wengi huvunjika moyo, wakaifuta seva isiyo na kosa. Utaratibu uitwao FTP hutumia njia mbili, moja ya maagizo na nyingine ya faili zenyewe. Kwa njia hii ya pili, seva hufungua mlango mpya na kuutangaza kwa namba sita, kwa mfano 10,0,2,15,195,80. Namba nne za kwanza ni anwani; mbili za mwisho ni mlango, nao hupatikana hivi: 195 × 256 + 80 = 50,000. Mwanafunzi ameelekezwa nyuma ya mbuyu.

Seva haikudanganya. Abhay Bhushan alipouandika utaratibu huo mwaka 1971, kompyuta za mtandao zilikuwa chache, na kila moja ilifikika kwa anwani yake. Desturi ya anwani za ndani ilikuja katika miaka ya 1990.

Dawa ni kuipangia seva milango michache, kama 50000 hadi 50010, kumwagiza mwenyeji aivushe yote kwa namba zilezile, na kuifanya seva itangaze anwani ya mwenyeji badala ya yake. Mtandao wa shule ukiruhusu, mashine pepe yaweza pia kupewa anwani kamili katika mtandao huo, na taabu yote ikaisha.

Lakini katika FTP ya kawaida neno la siri hupita wazi, na mjanja aliye njiani aweza kulisoma. Kwa picha za magofu haidhuru, mradi neno hilo lisitumiwe penginepo. Alama za mitihani zisafirishwe kwa SFTP, ambayo huficha yote na kupita mlango mmoja tu, kwa kawaida ule wa 22.