Swichi ya Usukani: Kwa Nini Huungua Tena?

Usiku mmoja, nikiteremka mlima kwa gari langu la zamani, taa kubwa zilizimika ghafla. Nilinusurika. Fundi aligundua kwamba swichi iliyo chini ya usukani, ile yenye vipini vya kuwashia taa na indiketa, ilikuwa imeungua. Akafunga mpya. Baada ya miezi michache nayo ikaungua. Mikono ya fundi haikuwa na kosa. Ila hatukuwa tumejiuliza swali limpasalo kila mwanafunzi wa fizikia: joto lile lilitoka wapi?

Na tupige hesabu. Balbu mbili za wati 60 kila moja, zikitumia betri ya volti 12, huhitaji mkondo wa ampea 10. Katika gari lile, mkondo wote huo ulipita ndani ya swichi. Vipande vya shaba vinavyogusana humo huchakaa, na ukinzani wake huongezeka. Tuseme umefikia omu 0.1. Joto hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 10 × 10 × 0.1, yaani wati 10. Likikusanyika mahali padogo kama ukucha, joto hilo huweza kuyeyusha plastiki.

Dawa yake ni relei, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme. Hapo swichi ya usukani hupitisha takriban ampea 0.2 tu za kuamsha sumaku. Mkondo mkubwa hutoka betrini na kupitia fyuzi na relei hadi kwenye balbu. Joto katika swichi hushuka hadi wati 0.004, yaani hupungua mara 2,500.

Basi, kabla ya kufunga swichi mpya, chunguza plagi na waya zake. Zikiwa nyeusi au zimeyeyuka, nazo zibadilishwe. Tenganisha waya hasi wa betri. Elekeza magurudumu mbele, kisha tia alama kwenye usukani na mhimili wake ili urudi palepale. Unapovuta usukani, iache nati ikiwa imeshika nyuzi chache, usije ukachomoka ghafla na kukupiga usoni. Mwishoni kaza nati barabara, na ujaribu kila taa kabla ya safari.

Lakini tahadhari: gari lenye mfuko wa hewa ndani ya usukani aachiwe fundi aliyesomea kazi hiyo. Mfuko huo hufumuka kwa mlipuko, na umeme wa kuufyatua huweza kubaki hata baada ya betri kutenganishwa.

Walimu wanaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Washa taa, kisha pima kwa voltimita tofauti ya volti kati ya ncha mbili za swichi. Ikiwa nzima, kipimo hukaribia sifuri. Kikikaribia volti 1, swichi inapika. Heri kuligundua hilo darasani kuliko mteremkoni usiku.