Kitundu kinachotoa usaha njia ya haja kubwa si bawasiri

WAPO watu wanaoishi miaka na kitundu kidogo pembeni mwa njia ya haja kubwa. Leo kinatoa usaha, kesho kinafunga, wiki ijayo panavimba tena. Kwa aibu, hata mwenza wake haambiwi. Mgonjwa hununua dawa ya bawasiri dukani na kunyamaza.

Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, na mara nyingi hutoa damu wakati wa kujisaidia. Kitundu cha usaha huenda ni fistula ya njia ya haja kubwa. Wala si ile fistula ya uzazi inayowapata akina mama baada ya uchungu wa muda mrefu. Hii huwapata wanaume zaidi.

Huanzaje? Ndani ya njia hiyo kuna vitezi vidogo. Kimoja kikiziba, bakteria huzaliana na jipu hutunga. Likishapasuka, wakati mwingine hubaki mfereji mwembamba kutoka ndani hadi kwenye ngozi. Kifua kikuu nacho chaweza kusababisha hali hii, ndiyo maana daktari huweza kuagiza vipimo zaidi.

Antibiotiki hupunguza maambukizi, lakini haizibi mfereji. Tiba yake kwa kawaida ni upasuaji. Mfereji ukiwa juujuu, daktari huupasua na kuuacha wazi upone taratibu kuanzia chini. Ukipita kwenye misuli inayobana choo, anaweza kupitisha uzi maalumu na kuuacha kwa wiki au miezi ili usaha utoke bila kuharibu misuli. Misuli hiyo ikikatwa ovyo, mtu anaweza kushindwa kuzuia haja. Kwa hiyo usikubali kupasuliwa mitaani.

Baada ya upasuaji, kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni safi kama utakavyoelekezwa. Kula mboga, matunda na maharage, na unywe maji ya kutosha ili choo kiwe laini.

Aibu isikuchelewesha. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alipasuliwa kwa ugonjwa huuhuu mwaka 1686, enzi ambazo dawa ya usingizi haikuwapo. Wewe leo ipo. Mweleze mwenza wako, kisha mwone daktari. Ukiona uvimbe wenye maumivu makali pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.