Miadi ya Mtoto kwa Daktari Bingwa: Maandalizi Yaanzie Nyumbani

Mzee anapokabidhiwa barua ya rufaa na kuambiwa ampeleke mwanawe kwa daktari bingwa, jambo la kwanza linalomjia huwa ni hofu. Hofu hiyo haina lawama. Hata hivyo, muda wa kuonana na bingwa huwa mfupi, na manufaa yake hutegemea sana yale yaliyotayarishwa nyumbani siku kadhaa kabla.

Kwa wakaazi wa Unguja, safari hiyo aghalabu huishia katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, pembezoni mwa Mji Mkongwe. Hapo ndipo inapotolewa huduma ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, inayowapokea watoto wenye kichwa maji na mgongo wazi. Baadhi ya watoto wenye maradhi ya moyo huvuka bahari hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kwa nini tarehe isipitwe

Mfano wa kichwa maji unatosha kuonesha uzito wa jambo hili. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huwa na mzingo wa kichwa wa takriban sentimita 35, na hufikia takriban sentimita 46 anapotimiza mwaka mmoja. Maji yanapojikusanya ndani ya ubongo, kichwa hukua kwa kasi kupita kiasi na utosi hujaa. Bingwa anaweza kuweka mrija mwembamba wa kuyapeleka maji hayo tumboni, au kuyafungulia njia mpya ndani ya ubongo. Upasuaji huo huzuia madhara yasiendelee, lakini yale yaliyokwisha kuupata ubongo huenda yasiondoke. Kwa hiyo kila wiki ya kuchelewa ina gharama yake.

Vitu vya kuchukua

Mzee au mlezi anashauriwa kuweka katika mfuko mmoja, tangu usiku wa kuamkia safari:
- barua ya rufaa na kitambulisho chake;
- kadi ya kliniki ya mtoto, yenye kumbukumbu za chanjo, uzito na vipimo vya ukuaji;
- majibu ya vipimo vyote na picha zilizokwisha kupigwa;
- dawa anazotumia mtoto, zikiwa ndani ya chupa au paketi zake.

Iwapo mtoto amepewa pia dawa za miti shamba au kombe, daktari aelezwe bila ya kuona haya. Lengo la kuuliza si kulaumu, bali ni kuepuka dawa zinazopingana.

Maelezo ya kuandika

Ni vyema kuandika ugonjwa ulianza lini, hutokea mara ngapi, na nini huuzidisha au kuupunguza. Mtoto anayepatwa na degedege huenda akaonekana mzima kabisa mbele ya daktari. Familia yenye simu ya kamera inaweza kurikodi tukio hilo, mradi mtoto awe amelazwa ubavu mahali salama kwanza. Maswali nayo yaandikwe, kwani mengi husahaulika mlangoni.

Nani aende, na mtoto aambiweje

Aende yule anayemlea mtoto kila siku, kwa kuwa ndiye ajuaye hali yake. Ikiwa upasuaji unaweza kupendekezwa, mama na baba wazungumze mapema kuhusu nani atatoa ridhaa, ili uamuzi usikwame kwa kumsubiri mtu asiyepatikana kwa simu.

Mtoto mwenye umri wa kufahamu aambiwe ukweli kwa maneno mepesi. Anayedanganywa kwamba anakwenda kutembea Forodhani, kisha akapigwa sindano, hatomwamini tena mzee wake wala daktari.

Siku ya safari

Kutoka Nungwi au Makunduchi hadi mjini ni mwendo mrefu kwa daladala, hivyo safari ianze alfajiri. Chakula, maji na nguo za kubadilisha vichukuliwe, kwani foleni huenda ikawa ndefu. Endapo hospitali imeagiza mtoto asile kabla ya kipimo au upasuaji, saa zilizotajwa zifuatwe kikamilifu, hata akilia.

Kabla ya kuondoka kwa daktari, mzee ayarejee maelekezo kwa maneno yake mwenyewe: mtoto ana nini, dawa zitumike vipi, na tarehe ya kurudi ni lini. Asiyefahamu aulize tena. Hiyo ni haki yake.

Mwisho, miadi isiwe sababu ya kusubiri hatari. Mtoto anayetapika mfululizo, anayeshindwa kunyonya, anayepumua kwa shida, mwenye degedege au anayelegea na kuwa mgumu kuamka apelekwe hospitali iliyo karibu wakati huo huo, hata kama tarehe yake ni kesho.