Kompyuta ikikosea, nani atajibu?

Mwaka 1995, kambini Ngara, Tanzania, karani alikosea jina la baba kwenye kadi ya posho. Tulikosa unga wiki mbili. Lakini karani tulimjua; mama alimfuata hadi akasahihisha.

Leo ni mwalimu hapa Kigali. Serikali yetu ilipitisha sera ya akili bandia Aprili 2023. Vizuri. Ila wakubwa wanaoisimamia nao waingie darasani, wajifunze kuuliza maswali kabla ya kutia saini. Kule Uholanzi maofisa waliiamini kompyuta, maelfu ya wazazi waliopewa ruzuku ya malezi ya watoto wakaitwa matapeli, wakadaiwa fedha wasizokuwa nazo. Serikali ilijiuzulu Januari 2021. Na wale ni wasomi, jamani! Wazazi wale wangemfuata karani gani?