Nguvu ya Manowari na Mipaka Yake: Unguja 1896, Tanga 1914 na Rufiji 1915

Watahiniwa wengi hukariri majina ya meli na tarehe, kisha swali likiuliza "kwa nini" kalamu inasimama. Kwa hiyo tuanze na maana. Kuzuia kwa tishio ni kumfanya adui aache kutenda jambo kwa sababu anaogopa hasara itakayompata. Tishio likifaulu, hakuna risasi inayopigwa. Ukisikia mizinga imelia, ujue tishio limeshindwa, hata kama aliyetishia ndiye aliyeshinda mapigano.

Angalia Unguja. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila ridhaa ya Waingereza. Walimpa hadi saa 3:00 asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Manowari zao zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri, naye aliziona kwa macho yake. Hakuondoka. Mizinga ikapigwa kwa muda usiofika saa moja, watu wapatao 500 wa upande wake wakauawa au kujeruhiwa, naye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Usiandike kwamba Waingereza "walimzuia Khalid kwa tishio". Tishio lilishindwa saa 3:00. Lilifanya kazi baadaye, kwa Hamoud bin Mohammed waliyemweka badala yake, ambaye hakuwa na hamu ya kuona mizinga ile ikielekezwa kwake.

Jiulize kwa nini ushindi ule ulikuwa mwepesi. Kasri lilikuwa ufukweni, mbele yake kuna maji ya kutosha meli kubwa, na serikali nzima ilikaa mahali pamoja ambapo mzinga unafika. Toa sharti moja kati ya hayo na hesabu inabadilika.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alihofia miji yake ya pwani. Manowari za Waingereza zilipofika Dar es Salaam na Tanga, yakafanyika makubaliano ya kutopigana katika miji hiyo. Hapo tishio lilifaulu, kwa kuwa Schnee alikuwa na majengo, bandari na raia ufukweni. Lakini kamanda wa jeshi lake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuyapenda makubaliano yale. Yeye mali yake ilikuwa askari, na askari wanatembea. Utamtishaje kwa mzinga wa meli mtu anayeweza kurudi bara leo usiku? Hoja hii watahiniwa wengi huiacha.

Tanga ilionyesha jambo hilo mapema Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India; Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000. Kwanza manowari HMS Fox iliwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano yamekwisha, kisha muda ukapotea kutafuta mabomu yaliyodhaniwa kutegwa majini. Hayakuwapo. Yaani hofu ya kitu kisichokuwapo ilichelewesha jeshi zima, na Wajerumani wakapata nafasi ya kuleta askari kwa reli. Vita vilipoingia vichakani, mizinga ya meli haikuwa na msaada mkubwa, kwa kuwa mpigaji hakuona vizuri nani ni nani. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini, wakiacha nyuma bunduki na risasi nyingi ambazo adui alizitumia.

Sasa Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg, chini ya Max Looff, iliishambulia HMS Pegasus katika bandari ya Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, wakati Pegasus ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Königsberg ilifika mbali zaidi, na Pegasus ikazama. Lakini mshindi naye alikuwa na shida zake: makaa ya mawe yalikuwa haba, mitambo ilihitaji matengenezo, na mlango wa bandari ya Dar es Salaam Wajerumani wenyewe walikuwa wameuziba mwezi Agosti. Ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko.

Wewe unayesoma Migato pengine hujaiona bahari, lakini umesikia habari za ziwa. Mtumbwi wa mvuvi unafika hadi mchangani. Meli ya abiria haiwezi, itakwama, kwa sababu sehemu yake iliyo chini ya maji inahitaji kina. Manowari za Waingereza zilizoizingira Rufiji zilikuwa na shida hiyohiyo. Ziliweza kufunga milango ya mto, hata kuzamisha meli katika mkondo mmoja, lakini haziwezi kuingia. Zilikaa hapo kwa miezi, huku zikihitajika kwingine. Hivyo meli moja iliyojificha ilizifunga meli nyingi bila kutoka.

Ufumbuzi ulikuja kwa vyombo vidogo. HMS Severn na HMS Mersey, zilizojengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, zilihitaji maji ya kina kisichofika mita 2. Zililetwa kisiwani Mafia, zikashambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11, ndege ikiwaelekeza wapigaji kutoka juu. Siku hiyo Wajerumani waliizamisha Königsberg wenyewe.

Je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Mizinga yote 10 iliopolewa, ikatumika nchi kavu, na mmoja ulipelekwa hadi Mwanza. Aliyeiburuta si injini ila mpagazi wa Kiafrika, na wapagazi ndio waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita hii kwa njaa na maradhi. Nao mzingiro wa pwani ulivuja: meli ya Rubens ilifika Ghuba ya Manza, karibu na Tanga, Aprili 1915, ikapigwa na HMS Hyacinth, lakini shehena kubwa ya silaha ikaokolewa. Machi 1916 meli ya Marie nayo ikafika Sudi, karibu na Lindi. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, leo Mbala, Zambia, mbali na bahari.

Ukitaka mfano wa karibuni, taja Bahari ya Shamu. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walishambulia meli za biashara, na manowari za Marekani na Uingereza hazikuwazuia kabisa. Kampuni nyingi zikazungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Mfano huu uwe sentensi mbili tu, usile nafasi ya Rufiji.

Swali la mazoezi: "Waingereza walikuwa na nguvu kubwa zaidi majini, lakini vita ya Afrika Mashariki ilidumu zaidi ya miaka minne." Jadili kwa hoja sita. Anza na Schnee na Lettow-Vorbeck; mtahini akiona umewatofautisha hao wawili, ataisoma karatasi yako kwa jicho lingine.