Kisukari na Saumu

Huku Othaya, penye mashamba ya majani ya chai, nina jirani, mzee wa Mombasa. Ana kisukari, na Ramadhani hakubali kula mchana. Nikamsomea utafiti wa Dakta Ibrahim Salti wa Beirut na wenzake, uliopigwa chapa mwaka 2004: wagonjwa zaidi ya 12,000, nchi 13. Wenye kisukari cha aina ya pili, asilimia 79 walifunga siku 15 au zaidi. Na sukari kushuka vibaya kulizidi mara 7.5 kuliko miezi mingine. Sisi, ndugu msomaji, huogopa tende na vitumbua vya futari tu!

“Basi nile, mwanangu?”

Nikamtajia ruhusa ya mgonjwa, Suratul Baqara aya ya 184; vipimo vya dawa akamuulize daktari kabla mwezi haujaandama. Akaniuliza kliniki hufunguliwa siku gani.